Bunduki Iliyozikwa Mchangani

Kila shehena ya bunduki inapoletwa kujaribiwa kabla jeshi halijainunua, mkaguzi huchukua moja, huizika mchangani, huifukua, kisha huipangusa kwa kiganja chake chenye sugu.

"Mzee, kitu kipya unakitia vumbi la nini?" safari hii wakala wa muuzaji alilalamika, kitambaa cha mafuta mkononi.

Mkaguzi aliishika bunduki ileile. Alilala kifudifudi, magoti yakimlilia, akafyatua. Risasi ya tatu ikakwama.

"Bahati mbaya tu hiyo. Chukua nyingine, mzee wangu, wakubwa wanasubiri sahihi yako."

Mkaguzi akaketi juu ya kasha, akafikicha macho, akairudisha kalamu mfukoni.

"Mpwa wangu yuko mpakani," akasema kwa uchovu. "Kule, kijana, kila mtu anapewa moja tu."