Gari Bandani, Ng'ombe Nje

Watu wakisikia Kibosho wanafikiria migomba na mandhari. Waje Julai. Ukungu wa Julai unakuingia mpaka mfukoni, na ukikohoa, kikohozi kinaganda hewani kikikusubiri urudi. Mimi nimezaliwa kule, lakini kuishi Moshi mjini kumenilainisha, na gari langu, lililolelewa na watu kadhaa kabla yangu, ni laini kuliko mimi. Mjini linawaka vizuri. Likilala mlimani kwa mama usiku mmoja tu, asubuhi linakohoa kama babu mvuta tumbaku, linazima, na kijiji kizima kinaitwa kusukuma.

Jumapili ile sikutaka mzaha. Kesho yake asubuhi mama alikuwa anatakiwa hospitali mjini kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilishazima; la pili lilimwonyesha dunia kama vile imetumbukizwa kwenye maziwa. Nafasi ile aliisubiri muda mrefu, na mimi ndiye niliyeapa kumfikisha.

Basi nililiandaa gari kama bibi harusi. Nikabadilisha oili, nikaweka nyepesi ya baridi. Plagi nilizisugua mpaka ningeweza kujitazamia nikinyoa ndevu. Nikafunga waipa mpya, nikasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, na nyuma nikaweka matairi yenye meno ya kushika tope. Fizikia niliisoma shule ya jioni, nikitoka kazini, na nusu yake ilinipita nikiwa nimesinzia. Nusu niliyoisikia ilisema betri haipendi baridi. Kwa hiyo lilibaki suala la malazi, na pale nyumbani mahali penye joto la uhakika ni mahali pamoja tu: banda la ng'ombe. Kuta za mbao, paa la bati, chini majani makavu ya migomba. Tatizo, ndani alikuwemo ng'ombe wa mama, mwenye mimba kubwa.

"Mama, naomba ng'ombe atoke usiku huu tu."

"Atoke aende wapi?"

"Hapo upenuni pa stoo. Gari lilale humu."

Mama alinigeuzia lile jicho lililobaki. "Huyu ana mimba, mwanangu. Hilo gari lako lina mimba?"

"Lina betri."

Alicheka, halafu akaacha. "Mimi hata kwa miguu nitafika."

"Kwa macho hayo? Utatokea Arusha, mama."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Ila umfunike."

Nilimfunika kwa magunia, nikamfunga upenuni. Gari nikaliingiza kinyumenyume, boneti nikalitandikia majani makavu ya migomba, yale yale ya kulalia ng'ombe. Nikaenda kulala najisifu.

Alfajiri niligusa tu ufunguo, gari likanguruma kama simba aliyelipwa mshahara. "Mama, limewaka! Twende!" Nikashuka kumtafuta. Nilimkuta upenuni, amevaa gauni lake la kanisani, amepiga magoti kwenye tope, anamsugua ng'ombe mbavu. Usiku upepo ulikuwa umeleta mvua ya ubavuni. Magunia yalikuwa chini, yamelowa. Ng'ombe amelala, masikio ya baridi, anatetemeka, majani hayataki.

"Zima hilo," mama akasema.

"Mama, nafasi yako..."

"Macho yatangoja. Tumbo hili halingoji. Au basi usizime. Si gari lenyewe ni zima? Kamlete daktari wa mifugo."

Niliteremka peke yangu, kiti cha mama kitupu, hita ikinipepea miguuni joto nisilostahili. Gari halijawahi kwenda vizuri namna ile. Tope lote lilipita kama lami, nami nikawa naomba walau linizimikie njiani.

Daktari alimchoma sindano, akampapasa tumbo, akasema ndama bado anacheza. Kisha akatazama bandani, akanitazama, akasema tumrudishe ng'ombe mahali pake. Nilipopiga simu hospitali, kitanda alishapewa mwingine. Mama aje apangiwe upya, baada ya miezi kadhaa.

Kwetu aliyekosa huchuma jani la sale kwenye ua wa shamba, hulipiga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Likishapokelewa, ugomvi umekwisha, na kulikataa ni jambo zito ambalo mtu mzima halifanyi. Nikachuma langu, nikalipiga fundo. Nilimkuta mama jikoni anakausha gauni, nikamwekea jani mikononi.

Alilipapasa mpaka vidole vikafika kwenye fundo. Akaguna.

"Una haraka wewe. Hata hujaniacha nikasirike."

"Kasirika tu, mama. Nitalichukua, nilete tena kesho."

"Sale hairudishwi. Nimeshapokea."

Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kuliko upenuni. Alikuwa na haki ya hasira ya wiki nzima, nami nimemnyang'anya kwa jani moja. Afadhali angenipigia kelele mpaka Rombo wasikie. Badala yake alilisogeza jani karibu na jicho, akaligeuzia mwanga wa mlangoni, akaligeuza tena.

"Ni bichi hili, au umeokota lililokauka?"

"Ni bichi, mama. Kijani kabisa."

"Haya," akasema, bado analitafuta kwa jicho. "Nakuamini."