Sufuria Niliyoibuni

Miaka ile nilikuwa nahamisha vyombo vya watu, hasa kule Uccle, mtaa wa Wazungu wenye mali. Familia zikiondoka huacha masanduku ya vitabu kando ya barabara, nami niliyabeba hadi chumbani kwangu Matonge, mtaa wetu Waafrika katika jiji lilelile. Shule niliishia sekondari, Lubumbashi. Kusoma hasa nilijifunzia katika masanduku yale. Nikipata aya nzuri niliinakili kwa mkono, kisha nikajaribu kuandika yangu kwa mwendo uleule. Nyingi zilikuwa mbovu. Baada ya miaka mitatu, hata hivyo, nilijua namna ya kumfanya msomaji asiweke karatasi chini.

Ndipo watu wakaanza kunitafuta. Anayeomba hifadhi hupeleka maelezo ya maisha yake kwa maandishi, kisha huitwa ahojiwe juu ya kila mstari. Niliwaandikia maelezo hayo kwa Kifaransa, kwenye meza ya nyuma ya saluni moja. Mwenye saluni alikuwa akitangaza kwa wateja: "Muone huyu! Anakuandikia maisha yako, unalia, halafu unauliza, bon, yote hii ilinipata miye?"

Tulicheka sana kwa hilo.

Siku moja alikuja mama mmoja wa Kivu, mtu wa maneno machache. Alisimulia jinsi alivyokimbia na watoto wawili. Niliandika kurasa nne, nikazisoma tena nyumbani, nikaona zimelala. Kulikuwa na sehemu ndefu kuhusu mihogo mibichi waliyokula siku tatu. Nikaikata. Mahali pake nikaweka sufuria ya maharage iliyobaki motoni wakati anakimbia, akiisikia ikichemka nyuma yake. Nilikuwa nimesoma kitu cha namna hiyo katika kitabu cha sandukuni. Nilikiona kizuri. Nilikisoma kwa sauti peke yangu, mara mbili.

Yeye Kifaransa chake kilikuwa kidogo. Alitia sahihi bila kusomewa, kwa sababu aliniamini, na mimi sikujitolea kumsomea.

Wiki moja kabla ya mahojiano alirudi saluni. Wakili wake alikuwa amempitisha katika kurasa zile kupitia mkalimani. Hakuketi.

"Papa, hii sufuria ni ya nani?"

Nikamwambia ni namna tu ya kuandika, ili wamwonee huruma.

"Hatukuwashaka moto, papa. Siku tatu. Moshi ingetuonyesha. Ni juu ya ile tulikula mihogo mibichi. Ni juu ya ile mutoto aligonjwa. Nilikuambiaka yote."

Mwenye saluni alizima mashine ya kukaushia nywele.

Karatasi zilikuwa zimeshafika ofisi ya hifadhi. Wakili alisema kusahihisha kunawezekana, ila ofisi itaandika kwamba mama amebadilisha maneno. Mama akaenda hivyo hivyo, akasema ukweli: hapakuwa na moto. Mhoji alimwuliza kuhusu sufuria mara tano, akibadilisha swali kila mara. Jibu lilipokuja lilikuwa la kukataa, na sababu ya kwanza ilikuwa moto uliowaka ukurasa wa pili na kuzimwa katika mahojiano.

Nilidhani hatarudi. Alirudi siku nne baadaye, maana muda wa kukata rufaa ulikuwa unakwisha.

"Wee ndiye ulisikiaka ya kwanza," alisema. "Andika tena. Usiongeze kitu, usitoe kitu."

Tuliandika siku mbili. Aliponyamaza, nilinyamaza. Aliporudia jambo, niliandika mara mbili. Mihogo ilijaza ukurasa mzima, na nilipokuwa naiandika mkono wangu ulitaka kukimbia, kama ulivyozoea. Niliushikilia. Homa ya mtoto, maji ya dimbwi, majani waliyotafuna ili wasikohoe: vyote nilikuwa nimevisikia mara ya kwanza, na nilikuwa nimeviita vitu visivyo na uzito. Kisha nikamsomea yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alinisimamisha mara kumi na moja.

Alitia sahihi, akakunja nakala yake.

"Wakikubali, nitakupigia," alisema. "Kama hapana, usinitafute."

Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Tangu hapo nimehama vyumba vinne, nimekaa hata Jette, mbali na Matonge, nimebadilisha kazi mara mbili. Namba ya simu sijabadilisha.