Elfu Saba za Shemeji

Kwenye uwanja wa mbio za magari walimwita Mama Cheche, kwa sababu alijua cheche ya plagi iwake lini kuliko injini yenyewe. Gereji yake ilikuwa chumba cha mabati chenye kompyuta iliyopasuka kioo na kiti cha wateja ambacho hakikukaliwa, kwani wenye magari ya mbio hupenda kutoa ushauri wakiwa wamesimama.

Mshauri mkuu alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe, muuza marumaru. Alikuwa amenunua gari jekundu, glavu, na viatu vya dereva alivyovaa hata msibani.

"Shemeji," alisema siku moja, "niwekee kikomo cha kuondokea elfu saba."

Kikomo hicho huizuia injini isipite mizunguko fulani kwa dakika, dereva akiwa amekanyaga mafuta akisubiri taa ya kijani.

"Kwa elfu saba tairi zitazunguka pale pale," Mama Cheche alimwambia. "Gari hili linataka elfu nne na mia mbili."

"Mpinzani wangu, yule muuza matangi, anaondokea elfu sita."

"Na anamaliza wa mwisho."

"Lakini anasikika."

Mumewe, aliyeogopa ugomvi wa ukoo kuliko ajali, akamnong'oneza, "Mpe anachotaka, yaishe."

Akampa, kwa namna yake. Kikomo akakiweka elfu nne na mia mbili. Kisha akachelewesha cheche gari likiwa limesimama, ili mafuta yamalizikie kuungua kwenye eksozi kwa milipuko na ndimi za moto. Geji ya mizunguko akaifundisha kuonyesha elfu saba. Roho ilimsuta, maana hakuwahi kumdanganya mteja. Ila hakuwahi pia kumzika shemeji.

Jumamosi watu waliziba masikio, na shemeji akashinda mara tatu. Alishuka akiwa mtaalamu. "Elfu saba," alimweleza kila aliyepita, "ni suala la moyo." Chama cha madereva kikamfanya mwenyekiti wa kamati ya ufundi, na kamati ikatoa waraka: wanachama wote waondokee elfu saba.

Wakatii. Mmoja akavunja ekseli, mwingine akaunguza klachi, na muuza matangi akaziacha tairi zake za nyuma hewani, zikiwa moshi. Mmoja mmoja walikuja kwa Mama Cheche kushushiwa kikomo, na kila mmoja akamsihi asimwambie mwenyekiti.

Siku kipande cha ekseli ya gari la muuza matangi kiliporuka hadi karibu na watazamaji, Mama Cheche alishindwa kuvumilia. Alimfuata shemeji dukani akamweleza yote.

Shemeji alifuta marumaru isiyo na vumbi. "Kwa hiyo nilishinda kwa elfu nne?"

"Na mia mbili."

"Nani mwingine anajua?"

"Kompyuta."

Akafikiri. "Basi kamati itatoa waraka mpya. Kutokana na utafiti wangu wa kina, wote washuke hadi elfu nne na mia mbili."

"Si wote, shemeji. Kila gari na lake."

"Basi waraka uandike wewe, na hilo nalo liwemo. Mimi nitasaini."

"Na geji yako niirekebishe?"

"Ile usiiguse."

Waraka ulipotoka, Mama Cheche alikuwa chini ya gari la muuza matangi, akifunga ekseli mpya. Muuza matangi akachuchumaa akamsomea aya ya kwanza polepole, akimfafanulia maneno magumu.