Vijitaa vya Gari la Kaka

Baba yangu alipoanza kupoteza macho hakutaka mtu amshike mkono. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na alisema mikono haijasahau njia hata kama macho yamesahau. Kwenye baraza ya nyumba yetu kule Ilemela, chini ya majabali, alipapasa kitambaa, akatia uzi kwenye sindano kwa kukisia, akashona. Mishono ilikuwa imeanza kupinda. Wateja wake wengi walikuwa wameshahamia kwenye mitumba, kwa hiyo waliobaki ni wale waliompenda, na hao hawakulalamika.

Mimi nilikaa upande wa pili wa baraza hiyo hiyo na meza yangu ya redio. Ufundi nilijifunza mjini kwa fundi mmoja baada ya kumaliza shule, na miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, redio za kaseti zilimiminika Mwanza kiasi kwamba hata msichana aliletewa za kutengeneza.

Gari lilikuwa la kaka yangu. Alikuwa dereva wa lori la pamba, akapunguzwa kazini na wenzake wengi, na kiinua mgongo akakinunulia gari dogo jeupe lililokwisha kutumika Japani. Alilifanya teksi kati ya uwanja wa ndege na mjini. Lakini Ijumaa za Kwaresima aliwaacha abiria, akatupeleka kanisani kwa Njia ya Msalaba, mimi na Mama nyuma, Baba mbele.

Ijumaa moja tulitoka kanisani giza limeshaanza kuingia. Mama alisimama kuzungumza na wanawake wa kwaya, nami nikasimama naye. Baba akasema, "Mimi natangulia garini." Tulipofika kwenye gari, Kaka alikuwa ameegemea boneti peke yake.

"Baba yuko wapi?" akatuuliza.

Tulimkuta magari matatu mbele, ndani ya gari jingine jeupe kama letu. Siku hizo kila aliyepata gari alipata hilo hilo. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkanda ameshaufunga, anamweleza mama mmoja aliyekaa nyuma na mtoto mchanga jinsi vifungo vya siku hizi visivyodumu. Yule mama alikuwa akiitikia kwa adabu, "Ndiyo, baba, ndiyo." Mumewe alisimama nje, ufunguo mkononi, hajui aanzie wapi.

"Baba," nikasema, "gari letu ni lile pale."

Baba akacheka, yule mama naye akacheka, na mumewe akasema, "Shikamoo, mzee, hata mimi huyachanganya haya magari." Baba akaitika marahaba. Alitafuta mahali pa kufungulia mkanda asipaone, mpaka nilipoinama nikamfungulia.

Ijumaa iliyofuata alisema mguu unamuuma.

"Mguu upi?" Mama akamuuliza.

"Wote," akajibu.

Ijumaa baada ya hiyo mguu ulikuwa bado unauma, na hata Jumapili hakutaka kupanda gari. Mama aliacha kumuuliza. Alimwekea chai pale barazani na kumsomea masomo ya siku mwenyewe, polepole, kwa sababu naye hakuwa msomaji mzuri.

Jioni moja nilikuwa najaribu redio niliyoitengeneza. Nilipoiwasha, Baba akageuza kichwa.

"Hicho chekundu ni nini?"

"Kipi, Baba?"

"Hicho kinachowaka hapo mezani kwako."

Kilikuwa kile kijitaa cha LED, kidogo kama punje ya mahindi, kinachoonyesha kwamba redio imewaka. Baba alikuwa haoni tena uso wangu kutoka pale alipokaa. Nilihamisha redio kushoto, akaifuata. Nilihamisha kulia, akaifuata tena.

"Nakiona," akasema. "Kina manyoya manyoya, lakini nakiona."

Usiku ule nililala nikiwaza mlango wa gari.

Redio zilizokufa nilikuwa nazo debe zima. Nilizichokoa nikatoa vijitaa vya kijani, vyekundu na vya manjano. Umeme wa gari ni mwingi mno kwa kitu kidogo kama kile. Ukikiunganisha moja kwa moja kinamulika mara moja tu, basi kimekwisha. Kwa hiyo kila kimoja nilikifungia rezista, kale kadude kembamba kenye mistari ya rangi kanakopunguza umeme. Kigumu kilikuwa kumshawishi Kaka.

"Utaniunguzia gari," akasema.

"Sitaliunguza."

"Hili ndilo shamba langu, unajua hivyo? Sina jingine."

"Najua. Na Baba hataki kulipanda."

Akanipa ufunguo.

Nilimwekea Baba cha kijani juu ya mkono wa mlango wa mbele, karibu na kioo, ili akione hata akiwa nje. Chekundu nilikifunga pale pa kuchomekea mkanda. Cha manjano kilikaa kwenye kifuniko cha kisanduku cha majivu, ambamo Kaka alikataza watu wasitie majivu, na Baba ndimo alimoweka rozari yake. Nyaya nilizipitisha pembeni mwa kiti mpaka kwenye swichi ndogo chini ya deshibodi, na kuzibana kwa utepe mweusi na gundi. Hazikupendeza hata kidogo, lakini zilifanya kazi.

Siku mbili hivi baadaye Kaka alirudi amenuna. Waya wa mlango ulikuwa umebanwa na bawaba mpaka ukachubuka, fyuzi ikaungua, na taa za nyuma zikazimika abiria akiwa ndani, jua linazama. Ilibidi arudi mwendo wa kinyonga pembeni ya barabara.

"Ng'oa vyote," akasema.

Sikubishana naye. Nilikaa kwenye kiti cha mbele na bisibisi, nikaanza na kile cha mlangoni. Kaka alisimama nje akinitazama. Kisha akainama, akafunua ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na bodi.

"Hizi nyaya za redio ya gari mbona zinapita humu na hazibanwi?"

Tukapitisha wa kwetu humo humo, yeye akiuvuta kutoka upande wa mlango, mimi nikiusukuma kutoka ndani. Tulipomaliza alifungua na kufunga mlango mara nyingi, akisikiliza kama daktari. Hakutaja tena habari ya kung'oa.

Baba hatukumwambia. Kwaresima ilikuwa bado haijaisha, na Ijumaa ile Mama alimvalisha shati la kanisani bila kumuuliza habari za mguu. Kaka alilileta gari karibu na baraza. Baba alishuka vipandio, akasimama. Kile cha kijani kilikuwa kinawaka nyuma ya kioo.

"Nani kaweka taa?"

Hakusubiri jibu. Alitembea mwenyewe moja kwa moja, akashika mlango, akaketi. Mkono wake ulikifuata kile chekundu, na mkanda ukaingia kwa mlio wake. Akaona cha manjano, akafungua kisanduku, akaitoa rozari. Aliishika tu kwa muda.

"Twendeni," akasema. "Tutachelewa."

Kanisani nilimtazama tulipotoka. Aliaga watu, akaongoza kupita magari yale meupe yaliyojipanga, akakikuta cha kijani. Kaka alikuwa garini tayari, na aliniambia baadaye kwamba Baba alipoketi alipiga deshibodi kofi dogo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

Abiria nao walivipenda. Mfanyabiashara mmoja wa Nansio, aliyekuwa akichukuliwa bandarini kila aliposhuka kwenye meli, alitaka awekewe kimoja kwenye kirungu cha gia cha gari lake kule kisiwani. Kaka akaanza kuvionyesha kwa majivuno kana kwamba wazo lilikuwa lake. Nilimwacha.

Mwaka uliofuata tulipata nafasi ya Baba kutolewa mtoto wa jicho. Alitoka hospitali na bandeji, na baadaye akapewa miwani minene iliyomfanya aonekane ameshangaa muda wote. Asubuhi ya kwanza na miwani hiyo alitutazama mmoja mmoja. Mama alimwambia asimkodolee macho. Yeye akamwambia amezeeka vizuri, na Mama akaenda jikoni haraka.

Kisha akatoka nje, akafungua mlango wa gari. Akaketi, akainamia nyaya.

"Njoo hapa," akaniita.

Nikaenda. Alikuwa amechomoa kipande cha utepe wangu, amekishika kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo kazi niliyokuwa nakalia?"

"Ndiyo, Baba."

"Utumbo wote uko nje. Gundi imetapakaa kama uji. Wewe si umekulia kwenye baraza ya fundi?"

Niliinamisha kichwa, lakini nilikuwa nacheka, naye aliona kwamba nacheka. Sasa alikuwa anaona.

Alitumia siku kadhaa. Alipima kwa futi yake, akakata ngozi ya bandia nyeusi kutoka kwenye mkoba mkuukuu wa Mama, akashona mifuko miembamba ya kupitishia nyaya. Kwa kila kijitaa alishona tundu la kifungo kwa mkono, uzi ukizunguka ukingo bila kupishana. Mimi nikavisukuma vijitaa kwa nyuma, vikachungulia kwenye matundu na kukaa imara kuliko gundi yangu ilivyowahi kuvishika. Tulifanya kazi ile tumejikunja ndani ya gari, magoti yakigongana, akinikaripia, nikimkaripia, mpaka Kaka akalalamika kwamba abiria wanamsubiri.

Gari lile lilidumu miaka kadhaa. Kaka alipoliuza, mnunuzi alitoka Magu, mkulima wa mpunga. Alilizunguka, akapiga magurudumu teke, akaingia ndani na kuona taa.

"Hizi zimetoka nalo kiwandani?"

Baba alikuwa amesimama karibu, miwani puani. "Hapana," akasema. "Hizo ni kazi ya binti yangu huyu."

"Na huu ushonaji?"

"Vyote ni vyake," Baba akasema.

Nilitaka kumsahihisha. Aligeuka akanitazama kupitia ile miwani minene, nikanyamaza. Yule mkulima akaomba aonyeshwe jinsi ya kuviwasha, na Baba ndiye aliyeingia kumwonyesha.