Ubani Kwenye Maji ya Dawa

Juzi nilikwenda kumtazama mdogo wangu, aliyebaki kwenye nyumba yetu ya zamani, Mji wa Kale. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na mfereji wa kichochoroni ulikuwa umefurika tena. Nikafunua ndoo ya jikoni ninywe maji, na harufu ya dawa ikanipanda puani. Nilikaa kwenye ngazi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, naye, baba mzima sasa, akanicheka.

"Dada, ni klorini tu, si jini."

Nistahimili, rafiki yangu, nikueleze. Mimi ni mtu wa kuosha glasi iliyokwisha kuoshwa. Hata ukurasa huu nimeuandika, nikauchana, nikauandika tena, kwa kuogopa kumkosea mtu ambaye hawezi tena kunisahihisha. Watu husema nina wasiwasi. Ninao, na najua ulikoanzia.

Kabla ya hofu kulikuwa na maji matamu. Kisima chetu kilikuwa uani, na asubuhi niliamshwa na mlio wa kapi lake na harufu ya iliki kwenye mahamri aliyoyapika nyanya yetu. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kupepea makaa. Baada ya sala ya Alasiri nyanya alitia ubani kwenye chetezo, akaufudikiza mtungi mtupu juu ya moshi mpaka ukashiba, kisha akamimina maji upesi na kuufunika. Maji yale yalikuwa baridi, na yakinukia mpaka kooni. Mgeni hakuulizwa kama ana kiu. Aliletewa kikombe kabla hajavua viatu vizuri.

"Biriani wakale kokote watakako," nyanya alizoea kusema, "lakini mayi wanywe kwangu."

Ndipo zikaja zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini. Vyoo vya shimo vilijaa, maji machafu yakapenya ardhini, na kisima chetu kikapanda mpaka karibu na ukingo, rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa. Mabomba ya baraza la mji yalikuwa yamekauka zamani, kwa hiyo mtaa mzima ulitegemea visima. Kipindupindu kikaingia. Kule ufukweni Mama Ngina wauza mihogo ya pilipili walitoweka, na Makadara karai za viazi zikafudikizwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alitukataza kunywea kata moja. Jeneza lilipita kichochoroni asubuhi, na jioni likapita tena, na wanaume walilibeba kwa haraka ambayo sijapata kuiona. Nyumba ya mkabala ilimzika mtoto niliyekuwa nikicheza naye rede. Nilichungulia dirishani nikaona ndara zake bado ziko kizingitini.

Jirani yetu wa chumba cha mwisho alikuwa mwanamke wa Kigiriama, Mkristo, aliyepiga deki ofisi za Mbaraki. Siku hizo akitoka kazini alivaa kizibao cheupe juu ya leso yake, akaungana na watu wa kujitolea. Walikuwa watu wa kila aina: makarani wa bandarini kutoka bara, wake wa mtaani ndani ya mabuibui, vijana wa timu ya mpira. Dawa ilitoka ng'ambo, kwa watu wasiotujua hata sura, ikapita mikono mingi ya wasiolipwa kitu, mpaka ikafika mlangoni kwetu.

"Hodi, nyanya."

"Karibu, lakini chupa yako na ibaki nje."

"Ikibaki nje, mimi naingia kufanya nini? Kula mahamri?"

"Mahamri utapata. Mayi yangu hutayatia harufu ya wodi."

"Kisima cha msikiti kimetiwa, nyanya, na imamu kanywa mbele ya watu."

"Imamu hanipokelei wageni mimi."

Walicheka wote wawili. Mwishowe, kwa heshima ya ujirani, nyanya alikubali ndoo moja itiwe. Jirani alipoondoka, nyanya aliimwaga ndoo ile kwenye mfereji, akafukiza mtungi wake, akaujaza maji ya kisimani. Hakuwa mkaidi wala mjinga. Aliona aibu tu kumpa mtu maji yanayonuka. Uungwana wake wote ulikuwa ndani ya mtungi ule.

Siku chache baadaye mdogo wangu alianza kuharisha, adhuhuri. Kufikia Alasiri macho yake yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na sauti imekuwa kama ya kizee. Nyanya alinituma mbio kwa jirani. Alikuja akatazama, akasema hospitali wagonjwa wanalala sakafuni na maji ya mshipa yamekwisha, na kwamba tusipomnywesha sisi wenyewe, hapohapo, tutampoteza. Akakoroga pakiti ya chumvi na sukari kwenye maji yaliyotiwa dawa, akachukua kijiko.

Mtoto akaonja, akayatema. Akakaza meno.

"Mwanangu, fungua kinywa," jirani alibembeleza. "Kidogo tu, kama ndege."

"Yanuka," alilia. "Nyanya, yanuka."

Lilikuwa neno la nyanya lenyewe, alilolisikia kwake kila siku. Nilimtazama nyanya. Sijaona tena uso wa namna ile, na naomba nisiuone. Jirani alijaribu tena na tena, na kila mara maji yaliishia kwenye mto. Kisha nyanya akainuka, akawasha makaa.

"Nyanya! Saa hizi wafanya nini?" jirani akauliza.

"Nampa mgeni mayi."

Akautoa mtungi wake, akamwaga maji yote, akausugua kwa maji ya jirani, akaufudikiza juu ya moshi wa ubani. "Haya, lete hayo yako ya wodi," akasema, na jirani akamimina maji yaliyotiwa dawa na kuachwa yatulie, mpaka tone la mwisho. Wakakoroga pakiti nyingine humo. Kijiko kikarudi kinywani mwa mtoto. Tulikuwa tumeshikana, mimi na nyanya, sijui nani alimshika nani.

Akameza.

Akatapika, wakampa tena. Akameza. Jua lilishuka, kijiko kikawa kinakwenda na kurudi, na hakuna aliyethubutu kusema lolote zuri. Karibu na Magharibi aliloanisha godoro, na jirani, aliyekuwa hajatabasamu tangu aingie, akapiga kigelegele kwa ajili ya mkojo wa mtoto: maji yalikuwa yamekaa mwilini.

Kuanzia kesho yake nyanya alitembea na jirani nyumba kwa nyumba, mmoja na chupa, mmoja na chetezo. Watu waliwatania: "Daktari huyo, na mganga wake!" Lakini milango iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa. Nyumba ya mkabala nayo ilifungua. Mama wa yule mtoto aliyezikwa alinywa kikombe chake chote mlangoni, akauliza mbona nyanya hakuja wiki iliyopita. Nyanya alikaa naye kizingitini, kando ya zile ndara.

Mvua zikaisha, vizibao vikarudishwa. Jirani alihamia upande wa bara, na hakuna anayejua ni wapi. Nyanya amelala makaburini, mtungi ulipasuka wakati wa kuhama vyumba. Kisima kimefunikwa kwa zege, na maji huja kwenye madumu juu ya mkokoteni, kutoka sijui kisima gani.

Juzi nilimuuliza mdogo wangu nani anapita milangoni siku hizi kutia dawa. "Hakuna," akasema. "Kila mtu na ndoo yake." Chumba cha mwisho kina kufuli. Binti yake mdogo akachota kikombe, akakinusa, akanikunjia uso.

"Shangazi, mbona yanuka?"

Nilikaa naye ngazini mpaka adhana ya Magharibi, kikombe mkononi, nikimsihi anywe, na sikio langu liko mlangoni. Hakuna aliyepiga hodi.