Matope ya Avenyu Nzima

Myriam hufundisha Kiingereza katika shule moja ya Annexe, mtaa wa pembezoni mwa jiji, na nyumba yake ya matofali mabichi iko mwisho wa avenyu, pale maji yote yanapoteremkia. Ndiyo maana huichukia salongo, usafi wa pamoja wa kila Jumamosi. Kila mtu husafisha mfereji mbele ya lango lake tu, yaani huyasukuma matope kwa jirani wa chini, kisha huingia kunywa chai akijiona raia mwema. Mwisho wa matope ni kwa Myriam. Mvua iliyopita, maji yalifika chumbani kwa mama yake, Laurentine, asiyeweza kutembea, na ukuta ukapata ufa. Mvua nyingine kubwa, ukuta ungemwangukia kitandani.

Wiki hiyo darasani walifika kwenye neno "clog". Myriam alieleza kwamba siku hizi Waingereza hulitumia kwa bomba au mfereji ulioziba, lakini zamani lilikuwa gogo tu, kipande cha mti ambacho mfugaji alimfungia mnyama mguuni au shingoni asitoroke. Baadaye hata viatu vya mti vikaitwa hivyo.

"Madame, kumbe mwenye mbuzi njo alikuwa anafunga?" akauliza Léonie, mwanafunzi wa mbele.

"Yeye mwenyewe, na mikono yake," akajibu Myriam, na hasira ikampanda pale pale ubaoni. Avenyu nzima walikuwa wakijizibia wenyewe, halafu wakiisingizia mvua!

Jumamosi hakuanzia kwake. Alipanda na jembe na toroli hadi lango la kwanza, kwa Muhindo, mfanyabiashara wa jumla ambaye katoni zake hujaa mferejini, akaanza kuchimba.

Muhindo akatoka mbio. "Madame, hapa njo kwangu! Kipande yako iko kule chini."

"Papa Muhindo, matope yenu yote inaishiaka kwetu. Mama yangu analalaka mu mayi. Leo hatusukume. Tunabeba."

"Na kama minakatala?"

"Nitabeba peke yangu."

Na angebeba, mkaidi yule! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama, jasho likimtiririka. Muhindo alimtazama, aibu ikamshika, akamwita dereva wake alete lori. Majirani kuona lori la bidhaa linapakia matope, wakatoka na majembe, wengine wakinung'unika.

Jioni mvua ikamwagika. Myriam alikaa kando ya kitanda, kiganja ukutani. Nje maji yalipita kwa kishindo, yakaenda zake. Mama Laurentine akateremsha mkono, akapapasa sakafu, akapapasa tena.

"Hakuna mayi, mwanangu," akasema, akaanza kulia.