Salamu Isiyoimbwa na Mtu Mmoja

Ukisikia wimbo wa mapenzi kwenye spika za mji wa Gitega, huenda anayeitikia ni Paskazia, ingawa jina lake halitajwi popote. Asubuhi huuza vitenge sokoni. Jioni huenda studio ya Magloire, Mkongo wa Uvira aliyepanga chumba mtaa wa Musinzira, na kuimba "mpenzi usiniache" nyuma ya vijana ambao wiki ijayo watarudi na maneno yale yale na mdundo ule ule. Sauti yake ikikwaruza, mashine inainyoosha. Ikitetemeka, mashine inaituliza. Siku moja alisikia kiitikio redioni, akashindwa kujua kama ni yeye au msichana mwingine. Akatega sikio mpaka mwisho, na bado hakujua.

Ndiyo maana Magloire alipomwahidi wimbo wake mwenyewe, utakaotoka kwa jina la Paskazia, kwa furaha alishindwa hata kula.

"Lakini uniletee kitu ya zamani," Magloire alimwambia. "Ile salamu ya bamama, akazehe. Mi nitaweka mdundo chini yake. Batu batacheza mpaka bachoke."

Paskazia aliijua akazehe kwa masikio tu. Utotoni, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, aliwaona wanawake wakikutana bombani, wakishikana mabega na kuimbiana salamu, huyu akiuliza habari za watoto na yule akiingiza sauti yake humo humo. Mama yake alifariki kabla ya kumfundisha. Aliyebaki ni shangazi Efrazia, aliyerudi kwao na kulima Muyinga. Akamfuata huko.

Alimkuta uani akichambua maharage. Baada ya uji Paskazia alitoa simu.

"Shangazi, niimbie nirekodi."

"Mimi nimekuwa redio? Hii ni salamu, mwanangu. Nikikusalimu, unaitika. Usipoitika, umekuja kwangu kama mgeni."

Paskazia akaiacha simu ikirekodi kando ya maharage, na Efrazia akamshika mabega, akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo ambayo Magloire angeifuta yote. Paskazia akasimama kwa adabu, akingoja zamu yake kama alivyozoea studio. Shangazi akanyamaza.

"Unangoja nini?"

"Umalize, shangazi."

"Nikishamaliza utamsalimu nani, maharage? Hata kuku wangu hawangojani. Ingia."

Akaingia, akapotea. Akaingia tena, akaikanyaga sauti ya shangazi katikati ya jina la kaka yake marehemu, baba wa Paskazia. Efrazia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaanza upya. Safari hii Paskazia aliacha kuhesabu mdundo, akamtazama shangazi mdomoni. Shangazi alipovuta pumzi, yeye alikuwa ndani. Yeye alipovuta, shangazi alikuwa ndani. Salamu haikupata hata ufa wa kupitisha upepo. Watu wawili tu, hakuna ngoma, hakuna waya, na ua mzima umejaa kama kanisa siku ya Pasaka! Na humo ndani alijisikia mwenyewe, mikwaruzo na yote, bila kujiuliza ni nani.

Paskazia aliporudi Gitega, Magloire alisikiliza rekodi akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Iko muzuri sana, dada. Sasa mi nitoe sauti ya huyu mama, nibakishe yako." Akahangaika na mashine yake. Kila alipomkata Efrazia, Paskazia naye alikatika. "Bon, zimeshikana. Ingia kibandani, uimbe peke yako."

Paskazia akaingia, akavaa vifaa vya masikioni. Mdundo ukaanza, ule ule wa kila wiki. Akafungua mdomo. Mbele yake kulikuwa na kipaza sauti na ukuta uliobandikwa sponji.

"Anza, dada."

"Namsalimu nani?"

"Salimu mikro."

Alivivua vile vifaa polepole, akavitundika. "Kaka Magloire, wimbo huo mpe mwingine. Salamu hii haiitikiwi na ukuta."

"Na jina lako je? Ulilitaka sana, hein?"

"Bado nalitaka."

Jumamosi alipanda basi la Muyinga. Kwenye njia ya shambani, kabla hajafika uani, Efrazia alimwona kati ya migomba, akaweka jembe chini na kuanza kuimba kutoka kule kule, akimtaja kwa jina, Paskazia, binti wa kaka yangu. Paskazia hakungoja amalize. Aliingia akiwa bado anatembea.